Nikibana maji ya kisima peke yangu, si namwachia jirani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa vitunguu na nyanya, kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Miaka mitano iliyopita nilichimba kisima kirefu cha mita 60 na kufunga pampu ya sola. Wakati huo eneo letu lilikuwa na visima viwili, sasa viko saba na vyote vinatumia sola. Mwaka jana pampu ilianza kukata maji mchana, fundi akaishusha mita 9. Mwaka huu imeanza tena. Afisa wa bodi ya maji ya bonde alikuja kwenye mkutano akasema kila kisima kiwe na kibali na dira ya kupimia maji, na ada ilipwe. Wenzangu wanasema huko ni kumnyonya mkulima, dawa ni kufunga dripu, ile mipira ya kumwagilia kwa matone. Mimi naona nikipunguza kumwagilia peke yangu namwachia jirani tu. Je, dripu inatosha? Ada itatusaidia nini? Na nikichimba hadi mita 100, si nitakuwa nimemaliza tatizo?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na dripu, maana naona ndiko mnakotaka kukimbilia, na fedha yake ikishatoka haitarudi. Dripu ni kifaa kizuri. Inapunguza magugu, mbolea inafika kwenye mzizi, na kibarua wa kuhamisha mipira humhitaji tena. Lakini haiongezi hata tone moja kwenye tabaka la maji lililo chini yenu. Ikifungwa bila makubaliano ya kiasi ambacho kila mtu atavuta, mara nyingi hulikausha tabaka hilo haraka zaidi.

Tupige hesabu, na wewe uirudie kwa kisima chako. Chukua pipa la lita 200, uweke mdomo wa bomba ndani, upime linajaa kwa muda gani. Tuseme sekunde 80. Hiyo ni lita 2.5 kwa sekunde, yaani mita 9 za ujazo kwa saa. Jua likikupa saa sita nzuri kwa siku, umevuta mita za ujazo 54, na kwa siku 90 za kukuza kitunguu umevuta 4,860. Kama hayo yote yanakwenda kwenye ekari mbili, ni sawa na mvua ya milimita 600. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inataja kwamba kitunguu kinahitaji milimita 350 hadi 550 kwa msimu. Tuseme chako kinatumia 400. Maana yake mmea na jua vimechukua takriban mita za ujazo 3,240, na zile 1,620 zilizobaki zimepita chini ya mizizi. Sehemu kubwa yake inarudi polepole kwenye tabaka lilelile ulilovuta, ingawa hurudi na chumvi na mbolea.

Sasa funga dripu. Karibu maji yote yanafika kwenye mzizi, na ekari mbili zinatosheka kwa 3,240. Pampu bado ina uwezo wa 4,860, sola haina bili, na ekari ya tatu iko wazi pale pembeni. Nani ataiacha? Unapanda ekari tatu. Unavuta kiasi kilekile cha zamani, ila sasa yote yanapaa hewani kupitia majani na hakuna kinachorudi chini. Upotevu halisi wa tabaka umepanda kutoka 3,240 hadi 4,860, yaani nusu zaidi. Mfukoni umenufaika, na kwa macho ya anayepita barabarani wewe ni mkulima wa mfano anayetunza maji.

Jambo hili limeshapimwa. Magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, wakulima huvuta maji kutoka tabaka kubwa linaloitwa Ogallala. Fedha za umma zilitumika kuwasaidia kununua vinyunyizio vinavyoshusha maji karibu na mmea, kwa matumaini kwamba maji yatabaki ardhini. Mwaka 2014 watafiti Lisa Pfeiffer na C.-Y. Cynthia Lin walichapisha uchambuzi wa takwimu za visima vya huko, wakakuta kwamba waliobadili vifaa walivuta maji zaidi, kwa sehemu kwa sababu walihamia mazao yenye kiu zaidi. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wakiongozwa na Quentin Grafton liliandika katika jarida la Science kwamba hali kama hiyo imeonekana katika nchi nyingi. Kwa hiyo dripu ije, lakini ije baada ya makubaliano. Ikitangulia, inampa kila mmoja wenu sababu ya kupanua shamba kabla hamjakaa kikao.

Na sola inazidisha. Sisemi urudi kwenye dizeli, ambayo imetesa wakulima wengi. Lakini dizeli ilikuwa na jambo moja: kila saa ya kuvuta ilikugharimu, ukawa unazima injini udongo ukishalowa. Ukishalipia paneli, saa ya ziada ni bure kabisa. Kinachozima pampu ni kuzama kwa jua tu. Punjab, India, wamepita njia hiyo kwa umeme badala ya jua. Tangu miaka ya mwisho ya 1990, isipokuwa kipindi kifupi, umeme wa pampu za mashambani umekuwa wa bure, mkulima akaweza kulima mpunga mahali ambapo mvua haiutoshi, na maji yakashuka mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kukataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, yaani katika kipindi cha joto kali, ili kupunguza maji yanayopotea hewani. Sheria ilifuatwa, lakini mavuno yakasogea mbele, mkulima akabaki na siku chache za kuandaa shamba kwa ajili ya ngano, na kuchoma mabua kukarundikana kwenye wiki chache za Oktoba na Novemba. Moshi wake huchangia kuichafua hewa ya Delhi. Bei ya kuvuta ikiwa sifuri, utazuia hapa na tatizo litatokea pale.

Sasa hofu yako ya kumwachia jirani. Ina ukweli, tena ndio moyo wa jambo lenyewe. Hali yenu ni ya sinia moja lililozungukwa na walaji saba: anayekula taratibu kwa adabu ndiye atakayeinuka na njaa. Kila mita ya ujazo unayovuta inashusha maji kidogo kwa wote saba, na wewe unaihisi sehemu moja tu ya hasara hiyo. Sehemu sita wanazibeba wenzako, kama unavyobeba za kwao. Usimwone jirani kuwa mbaya kwa hilo. Anafanya hesabu ileile unayoifanya wewe.

Lakini si yote unayoyabakiza yanakwenda kwake. Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma ni miamba ya zamani ya aina ya granaiti, na maji yamekaa kwenye sehemu ya juu iliyooza pamoja na nyufa. Humo maji hutembea polepole kuliko watu wanavyodhani. Pampu ikiwaka, maji hushuka sana kwenye kisima chako na kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali, kwa umbo la faneli. Visima vikiwa karibu, faneli hizo hukutana, kila moja inaichimba nyingine.

Hapo nataka uniangalie vizuri, kwa sababu pampu yako inakata mchana. Visima vyote saba ni vya sola. Maana yake vyote vinavuta kwa nguvu saa zilezile, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na vyote vinapumzika usiku. Faneli zote zinafika chini kabisa kwa wakati mmoja. Huenda sehemu ya ulichokiona mwaka jana si tabaka kukauka bali ni nyinyi saba kuvuta kwa pamoja. Mkilithibitisha hilo, kuna hatua isiyohitaji fedha nyingi: mgawane siku, visima vilivyo jirani sana visivute siku moja, na mwenye uwezo aweke tenki ili siku yake ya kupumzika asikose maji. Wachaga wamegawana maji ya mifongo, mifereji yao ya asili, kwa zamu kwa vizazi vingi, siku hii ukoo huu, kesho ule. Kwenye mfongo kila mtu anaona mlango wa maji umefunguliwa kwa nani. Kisimani hakuna mlango unaoonekana, ndiyo maana watu wenye mila imara za kugawana mto wanaweza kushindwa kabisa kugawana kisima.

Kulithibitisha ni kazi ya asubuhi moja kwa mwezi. Tafuta futi kamba ndefu au kamba iliyotiwa alama kila nusu mita, ufunge mwishoni kipande cha bomba la chuma kilicho wazi upande wa chini. Alfajiri, kabla pampu hazijaamka, kishushe polepole kupitia tundu la mfuniko. Kikigusa maji utasikia mlio mfupi kama wa chupa inayozibuliwa. Inua kidogo, rudia, soma kina, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Pima tena saa nane mchana. Kipimo cha alfajiri kikibaki palepale mwezi hadi mwezi huku cha mchana kikizama, shida yenu ni kuvutana. Kipimo cha alfajiri nacho kikiwa kinashuka kila mwezi na hakipandi hata baada ya mvua, mnakula akiba. Wote saba mpime siku moja, na madaftari yasomwe mbele ya wote. Nimeona vikao vingi vya maji vikigeuka ugomvi kwa sababu kila mtu alikuja na hisia zake na hakuna aliyekuja na namba.

Mnakula akiba kwa kasi gani? Inategemea mwamba, lakini chukua mfano huu. Tuseme mwamba uliooza unaachia sehemu 5 za maji kwa kila sehemu 100 za ujazo wake. Tuseme pia kwamba katika eneo zima lililo juu ya tabaka lenu, sehemu moja kwa kumi inamwagiliwa, na mazao yanakula milimita 500 kwa mwaka. Ukizitawanya juu ya eneo lote ni milimita 50. Gawanya kwa 5 kwa mia: maji yanashuka mita moja kwa mwaka, kama mvua haikurudisha kitu. Eneo linaloonekana tupu, lenye bustani chache tu za kijani, linaweza kupoteza mita nzima kila mwaka.

Kwa Dodoma, kurudisha huko hakuji kila mwaka. Jirani na nyinyi kuna Makutupora, visima vinavyohudumia jiji, ambako vipimo vya kina cha maji vimetunzwa tangu miaka ya 1950. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo katika Afrika ya kitropiki, hazina ambayo Watanzania wengi hawajui kama tunayo. Richard Taylor na wenzake waliichambua na kuichapisha mwaka 2013. Walichokikuta ni kwamba maji hushuka kwa miaka mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, yanapanda kwa mkupuo. Mvua ya wastani, ile inayokupa uwele na mtama mzuri, inaweza isifike chini kabisa. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba maji mengi huingilia kwenye makorongo na mito ya mchanga inayotiririka kwa msimu, kwa hiyo anayechota mchanga na kuharibu korongo anaziba mlango wa kisima chako.

Kiuchumi maana yake ni nzito. Maji yaliyo chini yenu ndiyo bima yenu ya miaka ya ukame. Mita ya ujazo unayoivuta leo, mwaka wenye mvua, kumwagilia kitunguu ambacho kila mtu amelima na dalali anakitaka kwa lumbesa la bei ya kutupa, ingekuwa na thamani mara kadhaa katika mwaka mkavu ambapo sokoni hakuna kitu. Hasara hiyo haionekani kwenye daftari la matumizi, kwa sababu hakuna anayekuletea risiti. Ni gharama halisi hata hivyo, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Nikwambie pia hoja ya upande wa pili, maana ina wasomi wake. Mwaka 1980 wachumi wawili, Micha Gisser na David Sánchez, walipiga hesabu kwa kutumia bonde la mto Pecos, New Mexico, wakapata kwamba tofauti kati ya kuwaacha wakulima wavute wanavyotaka na kuwasimamia kwa ukamilifu ilikuwa ndogo mno. Hoja yao ilikuwa kwamba maji yakishuka, gharama ya kuyainua inapanda, na wakulima wanapunguza wenyewe. Ni kazi makini na imewasumbua wachumi kwa miaka mingi. Lakini angalia inasimama juu ya nini: tabaka lililochukuliwa kama beseni moja kubwa ambamo maji yanashuka sawasawa kwa wote, na gharama ya kuvuta inayompa mkulima ishara. Nyinyi mko juu ya mwamba wa vipande vipande, visima vinachimbana, na mnavuta kwa sola isiyo na bili. Maji yakishuka kutoka mita 40 hadi 49, paneli zilezile zitakupa maji pungufu kwa karibu asilimia 18, basi. Hupati ishara ya bei. Unapata pampu inayokata, na dawa yake machoni pa kila mmoja ni kuongeza paneli. Nao hawakuhesabu thamani ya bima niliyoitaja. Kwa hiyo siwezi kukushauri usubiri mambo yajirekebishe.

Kilichowahi kufanya kazi ni nini? Mfano ninaoupenda uko tena Kansas, katika eneo liitwalo Sheridan 6, upande wa kaskazini magharibi. Wakulima wenyewe, kupitia wilaya yao ya usimamizi wa maji, walikaa vikao, wakapendekeza ukomo, na kuanzia mwaka 2013 mhandisi mkuu wa jimbo akaupa nguvu ya sheria. Ukomo haukuwekwa kwa mwaka. Kila mtu alipewa inchi 55 za maji kwa miaka mitano, karibu milimita 1,400, atumie atakavyo: mwaka mkavu avute nyingi, mwaka wa mvua abane. Lengo lilikuwa kupunguza takriban asilimia 20. Utafiti wa Krystal Drysdale na Nathan Hendricks uliotoka 2018 ulikuta matumizi yamepungua kwa asilimia 26, na sehemu kubwa ilitokana na kumwagilia kwa uangalifu zaidi zao lilelile, si kuacha kulima. Bill Golden wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas alilinganisha mahindi ya ndani na ya nje ya mpaka: mavuno ya ndani yalikuwa pungufu kwa asilimia moja hivi, na fedha iliyobaki mkononi ilizidi kidogo. Muda ulipokwisha, mpango ukaongezwa.

Kwa nini hawakuumia? Kwa sababu awali walikuwa wanamwagilia kwa hofu. Mkulima asiye na kipimo huongeza maji ili alale usingizi. Alipojua ana inchi 55 tu, alianza kupima unyevu wa udongo na kuangalia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuwasha. Maji aliyoyaacha yalikuwa yale yasiyomletea gunia lolote. Sikuahidi kwamba nanyi mtapunguza robo bila maumivu. Anayemwagilia kwa ndoo tayari amebana hadi mwisho, na kumpunguzia ni kumpunguzia chakula. Lakini mwenye pampu inayotoa milimita 600 kwa zao la 400 ana nafasi ya kupunguza, na ningeshangaa kama kati yenu saba hayupo wa namna hiyo.

Ona pia jinsi ule muda wa miaka mitano unavyowafaa. Tabaka lenu halijazwi kila mwaka, kwa hiyo kibali kinachosema mita kadhaa kwa siku, leo na milele, hakiendani na asili yake. Ningependa mkubaliane bajeti ya miaka mitano, mwaka wa mvua kubwa muiache akiba ijae badala ya kusema sasa maji yapo tupanue.

Kuhusu ada. Inategemea kabisa inatozwaje na inakwenda wapi. Katika bonde la San Luis, jimbo la Colorado, baada ya ukame mkali wa 2002 wakulima waliunda wilaya ndogo na kujitoza wenyewe kwa kila kiasi wanachovuta. Kuanzia 2011 walilipa dola 45, kisha 75, kwa kipimo chao cha futi-ekari, ambacho ni mita za ujazo 1,233. Ni kama senti 6 za dola kwa mita moja ya ujazo. Uchambuzi wa Steven Smith na wenzake ulikuta uvutaji umepungua kwa karibu theluthi. Fedha hiyo ilibaki hukohuko, ikatumika pamoja na mambo mengine kumlipa anayekubali kupumzisha shamba. Ukame uliofuata ulirudisha nyuma sehemu kubwa ya mafanikio ya tabaka lao, nao wakapandisha ada. Ada haileti mvua. Inachofanya ni kuirudishia saa ya kuvuta ile gharama ambayo sola imeifuta.

Linganisha na Usangu kwetu. Miaka ya 1990 vibali na ada vilisukumwa katika bonde la Ruaha Mkuu, na watafiti waliofuatilia wakaeleza kwamba ada isiyofuata kiasi halisi kinachochukuliwa haikuwabana watu. Baadhi waliona wamekwisha kununua haki ya kuchukua. Mto huo nao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo wenzako wanaolalamika wana hoja kama ada ni ya jumla, unalipa sawa uvute pipa au bwawa, na huoni shilingi ikirudi kwenu. Hiyo haitaokoa kisima cha mtu. Lakini wasiikatae dira. Dira ndiyo inayomlinda mvutaji mdogo siku mvutaji mkubwa atakapofika na kisima cha inchi nane, maana bila kumbukumbu hamtaweza kuonyesha mlichokuwa mkitumia kabla yake.

Sheria haiwakatazi kujipanga. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yote Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, kwa hiyo kumiliki kiwanja si kumiliki maji ya chini yake. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu Jumuiya za Watumia Maji, na jumuiya iliyosajiliwa inaweza kusimamia mgawanyo na kusuluhisha migogoro. Mkienda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu mkiwa saba wenye madaftari na pendekezo lenu, mtasikilizwa tofauti na mtu mmoja mmoja anayeitwa kueleza kwa nini hana kibali.

Pendekezo hilo lisiwe gumu. Dira za kutegemewa zina bei, na kisima chenye mchanga huziharibu. Kama mwanzoni hamzimudu, wekeni ukomo wa kitu kinachoonekana kwa macho: ekari zinazomwagiliwa kiangazi. Hakuna anayeweza kuficha majaruba ya vitunguu mwezi Septemba. Ugumu utakuwa kwenye nani apate ngapi. Mkigawa kwa kufuata kila mtu alikuwa akivuta kiasi gani, mtamzawadia aliyechota zaidi, na habari ikitangulia kikao, kila mtu atavuta kwa nguvu ili apate fungu kubwa. Mkigawa kwa ukubwa wa shamba, mwenye ekari 20 atakula karibu zote. Mimi ningeanza na fungu sawa kwa kila kaya, ekari moja tuseme, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa ukubwa wa shamba, na mtu aruhusiwe kumkodisha mwenzake fungu lake kwa msimu. Hapo ndipo dripu inakuwa rafiki: ukibana ndani ya fungu lako unapata cha kukodisha, na hakuna ekari ya tatu iliyo wazi. Na ukomo huo uguse kila anayevuta kwenye tabaka lenu, pamoja na taasisi. Mkulima hatakubali kubana kwa ajili ya bustani ya maua ya mwenye ukuta.

Swali lako la mwisho, la mita 100. Usifanye hivyo kabla hujasoma ripoti ya uchimbaji wa kisima chako. Humo mchimbaji anaandika alichokutana nacho kila baada ya mita chache: udongo, mwamba uliooza, nyufa, kisha mwamba mgumu mzima. Kama mwamba mzima ulianza mita 55, basi mita 40 za ziada unazinunua ndani ya jiwe kavu, isipokuwa kwa bahati ukutane na ufa. Hata ukiupata, maji yake yanaweza kuwa na chumvi au floraidi nyingi, jambo lisilo geni kanda ya kati, na kitunguu hakivumilii chumvi. Na ufa huo ukiwa umeungana na tabaka la juu, utakuwa umeshusha maji ya wenzako sita, ambao nao watamwita mchimbaji mwaka ujao. Kama ripoti hukupewa, mdai mchimbaji wako, au uulize ofisi ya bonde, kwa kuwa mchimbaji mwenye leseni hutakiwa kuiwasilisha. Soma kwanza mahali palipoandikwa kina ambako maji yalipatikana. Kama ni mita 30 hadi 50 na pampu yako sasa iko 49, fedha ya kuchimba iweke kwenye tenki, na mwalike jirani aliye karibu zaidi mgawane siku kuanzia wiki hii.